Mama Yetu na Daftari Lake la Maandalio

Mama, leo mwaka unatimia tangu asubuhi ile ya Jumamosi ulipotuacha, na nyumba bado haijazoea. Wadogo zangu wamenipa kalamu mimi, kifungua mimba wako, niandike kwa niaba ya wote. Hawakujua nina nini moyoni.

Tunazikumbuka Jumapili zako baada ya chakula cha mchana. Meza inafutwa, rula inatoka, Baba anaambiwa apunguze redio, nawe unaandika maandalio ya masomo ya wiki nzima: utaanza na nini, watoto watafanya nini, utajuaje kama wameelewa. Shangazi alikutania, "Wifi, miaka ishirini na sita unafundisha hesabu za sehemu, bado unajiandikia uanzie wapi?" Ukamjibu bila kuinua kichwa, "Sehemu nazijua, wifi. Watoto wa mwaka huu ndio siwajui."

Ulikuwa mpole, lakini kwa daftari lile hukuwa na mchezo. Ukitoka darasani, kabla hata ya chai, ulijaza safu ya maoni. "Leo nimekwenda mbio." "Wa nyuma wamenielewa, wa mbele wamenikubalia tu." Wanafunzi walikuita Bi Hatua, kwa kuwafundisha hatua kwa hatua, na hukuchukia.

Mimi ni mwalimu pia, Mama, ila si kama wewe. Kila mwaka nilinakili maandalio ya mwaka uliopita, nikabadilisha tarehe, mwalimu mkuu akagonga muhuri, mambo yakaisha. Safari moja nilinakili yako pamoja na maoni yake, nikaandika kwamba pacha wametenganishwa madawati, na darasani kwangu hapakuwa na pacha. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Kisha ukaniuliza, "Na watoto wako wewe, umewaandika wapi?"

Ulipougua, uliegemea mito ukaandika maandalio ya wiki tatu. Ukanipa daftari nimpelekee mwalimu wa sayansi aliyekushikia darasa, kwa kuwa shule yako iko njiani kwangu. "Usichelewe nalo, mwanangu. Nimewaacha katikati ya somo."

Nililitia mkobani. Siku ya kwanza nilikuwa nimechelewa kazini. Ya pili nilisahau. Jioni ukaniuliza, "Daftari limefika?" Nikajibu, "Limefika, Mama." Baada ya hapo ningelipeleka kwa uso gani? Nilijiambia ni karatasi tu, mwalimu yeyote anaweza kufundisha sehemu.

Lilikaa mkobani siku kumi na moja, mpaka ulipotuacha, kisha nikalificha. Mwalimu wa sayansi hakujua ulipofikia, akaanza upya, darasa likachoka. Katika ukurasa wa kwanza ulikuwa umeandika juu ya msichana aliyeanza karibuni kuinua mkono: "Asiitwe ubaoni bado. Aulizwe akiwa amekaa." Aliitwa ubaoni siku ya tatu. Alisimama na chaki mkononi mpaka wenzake wakamcheka, na tangu hapo akawa haingii kipindi cha hesabu. Mwalimu mwenyewe alinisimulia haya msibani, huku akijilaumu. Nami nikamwacha ajilaumu, Mama. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Juzi nilimwendea mwalimu huyo, nikamwambia ukweli na kumkabidhi daftari. Kisha nikarudi nyumbani kumsomea Baba niliyoyaandika hapa. Akavua miwani, akakaa nayo mkononi.

"Mama yako alijua," akasema. "Yule mwalimu alikuja kumwona Ijumaa, akamwuliza kama ameandika chochote cha kumsaidia. Mama yako akamweleza kwa mdomo alichoweza, daftari asilitaje. Alipoondoka, mama yako akaniambia, 'Usimseme. Atasema mwenyewe.'"

Kumbe ulijua tangu Ijumaa. Na Jumamosi asubuhi uliponishika mkono, sauti imeshapungua, ukaniuliza mara ya mwisho kama limefika, ulikuwa unanipa nafasi. Nikaitikia limefika. Ukasema, "Haya, mwanangu."

Unakumbukwa na mumeo, sisi wanao watatu, wakwe zako, wajukuu wako wanne, wifi yako mliyetaniana naye, na walimu wenzako. Nami nakujibu leo mbele yao wote: halikufika, Mama. Nisamehe.

Hatutakusahau maisha yetu yote.