Macho Makavu kwenye Arobaini ya Bibi

Ntalikwa, Tabora
5 Oktoba 2024

Mwanangu Ummy,

Assalaam alaykum. U mzima huko Mbeya? Sisi tupo, miguu tu imevimba kwa kukaa mkekani. Simu hupokei, kwa hiyo barua hii nampa dereva wa basi.

Bibi yako tumemzika Jumatano alasiri. Usingewahi, usijilaumu. Aliamka, akapepeta kunde, akasema amechoka, akalala. Ana miaka tisini na kitu, na ndiyo mara ya kwanza namsikia mama akisema amechoka.

Arobaini ni Novemba kumi. Baba yako alipofariki, Bibi ndiye aliyekulea. Ukoo mzima unakungoja. Njoo.

Shangazi yako,
Tatu


Mbeya
19 Oktoba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima, nashukuru. Pole na miguu.

Nilisoma barua yako nikaendelea kupiga pasi mashuka ya wageni. Sijalia. Nakula, nalala, nacheka na wenzangu hapa gesti. Nikimkumbuka Bibi naona jembe lake tu, uso siuoni. Sijui nina nini. Nikija na macho makavu watasemaje? Na ndugu zetu wa Isevya wanavyopenda kumpima mtu kwa chozi!

Mwanao,
Ummy


Ntalikwa
29 Oktoba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo, mvua bado.

Watasema, midomo ni yao. Lakini hebu sikia. Unaikumbuka mbegu yake ya njugu mawe, aliyopewa na mama yake alipoolewa, akawa anaipanda kila mwaka? Wapishi wa msibani waliikuta kwenye chungu, wakaitia sufuriani. Yote! Nimekuja kujua kijiko kiko mdomoni. Nikamaliza sahani, nikasema tamu. Wallahi sikusikia kitu.

Na ni mama yule yule aliyeifuata njia ya zamani ya misafara hadi sokoni, gunia la karanga kichwani, na ole wako umpokee! "Babu zangu walibeba mizigo ya watu hadi pwani," alikuwa akisema, "wangu naubeba mwenyewe." Mimi bintiye nimekula mbegu yake na jicho halikulowa. Kwa hiyo hauko peke yako. Njoo hivyo hivyo ulivyo.

Shangazi yako,
Tatu


Ntalikwa
13 Novemba 2024

Ummy,

Hujambo? Huku wazima.

Hukuja. Khitma imesomwa, watu wamekula pilau. Walipokuulizia nikasema uko kazini. Shehe akataka mmoja wetu amwelezee marehemu. Nikasimama, nikasema, "Alikuwa mkulima," nikakaa. Basi. Maisha yote yale, nikapata maneno mawili! Nilitaka uyaseme wewe. Nimekukasirikia, nakwambia kweli.

Hii itaondoka na basi la kesho.

Shangazi yako,
Tatu


Chemchem, Tabora
13 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Usishtuke kuona barua imeletwa na bodaboda. Nipo hapa mjini, nyumba ya wageni nyuma ya msikiti, tangu Jumamosi.

Siku ya arobaini nilifika hadi kona ya shamba. Nikasikia wanasoma. Nikakuona umesimama mlangoni unatazama barabarani, umejifunga kanga ya Bibi. Nikashindwa kusogea. Nikageuza.

Bado sijalia. Nakaa tu kitandani. Mbeya sitaki kurudi, na huko nyumbani nimejaribu tena jana, nikaishia njiani.

Njoo unichukue, shangazi. Peke yangu sifiki.

Mwanao,
Ummy