Mama Mkwe Alinyamaza Mkutanoni

Rwezamenyo, Kigali
20 Septemba 1992

Kwako Dada Winifred,

Pokea salamu za mdogo wako, zilizotoka moyoni kabla ya kufika kwenye kalamu. Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, na lile goti lililokusumbua masika limekuachia, unakwenda sokoni bila fimbo. Shemeji Bayingana naye hajambo? Mwambie shati alilonipa bado nalivaa, ingawa kola imekwisha. Watoto wote nawasalimu, mkubwa kwa mdogo. Sisi huku ni wazima. Vita bado viko kaskazini, na mjini tunaamriwa kuwa ndani mapema jioni, lakini tunakula, tunalala, na watoto wanakwenda shule.

Barua yako ya haraka nimeipata. Unasema dereva mmoja aliyepita Kigoma amekuambia kwamba nimeihama nyumba yangu, nimepanga chumba Rwezamenyo, na unataka nikutajie jina la huyo mwanamke. Lisemwalo lipo, dada. Chumba ninacho, na ndimo ninamoandikia barua hii. Ila habari yenyewe ina mwanzo wake, nami nitaanza huko mbali kidogo, kwa hiyo kaa kitako na usinikatie hukumu kabla hujafika mwisho.

Kazi yangu ya chuo unaijua. Ulipokuja kwenye harusi yangu uliwaambia wageni kwamba serikali inanilipa kwenda mikutanoni kuhesabu mikono iliyoinuliwa, ukacheka mpaka ukakohoa. Hukusema uongo sana. Ninachotafiti ni jinsi wananchi wanavyoshiriki katika maamuzi ya serikali, na jinsi redio na magazeti yanavyoyafikisha maneno yao kwa wakubwa au yanavyoyaacha njiani. Tangu vyama vingi viruhusiwe, kazi hii imekuwa tamu. Magazeti yamechipuka kama uyoga, kila moja likimtukana mwenzake, na watu waliozoea kunong'ona sasa wanauliza maswali hadharani. Nilikuwa naandika kitabu juu ya hayo, na nilitumaini kwamba kikitoka ningepandishwa cheo.

Mwezi wa Januari ofisi moja ya mipango ilikuja na mpango wa kuchimba mtaro mkubwa wa maji ya mvua katika bonde la Kimisagara. Nyumba za upande wa chini zingebomolewa kwanza, za upande wa juu baadaye. Waliotoa fedha walitaka uthibitisho kwamba wakazi wameulizwa, basi ofisi ikaniomba nihudhurie mkutano na kuandika taarifa. Nilikubali kwa furaha. Niliona nimepata sura ya mwisho ya kitabu changu bila jasho.

Sasa, upande ule wa chini ndiko alikokuwa akikaa Mama Pudentienne, mama yake mke wangu Aurore, mjane anayepika pombe ya mtama na kuiuza. Nilijiambia kwamba msomi hatazami ukoo. Nilimweleza Aurore kwamba nitakaa pale kama mtu asiye na wakwe. Akaniuliza kama mama yake anajua kwamba nitakuwepo. Nikamjibu kwamba mkutano ni wa watu wote. Akaendelea kukunja nguo.

Mkutano ulifanyika uwanjani. Niliwekwa meza ya mbele, karibu na mkuu wa mtaa tunayemwita konseye, mtu mpole aitwaye Hakizimana, na kinasa sauti changu kimetulia mezani kama bwana mdogo. Wanaume waliuliza juu ya fidia na viwanja, wakajibiwa kwamba hayo yataangaliwa. Kisha konseye akawauliza akina mama wana neno gani. Kimya. Akauliza tena, na wote wakageuza shingo kutazama nyuma, halafu wakainamisha vichwa. Niliyaona hayo kwa macho yangu mawili, nikaandika kwamba wanawake hawakuonyesha hamu ya kuchangia. Mwishoni konseye aliomba makofi kwa wanaokubali, na makofi yakapigwa.

Taarifa yangu ilisema hakuna mwanamke aliyepinga. Baada ya siku chache redio ikatangaza kwamba utafiti wa chuo umeonyesha wakazi wameupokea mpango. Nilikuwa mezani nakula. Nilimwambia Aurore aongeze sauti, naye akaizima redio.

Hapo ndipo aliponieleza. Wewe umekaa huko miaka mingi, na mama yetu, Muha wa Kasulu, alikuwa anakula na kucheka na kila mtu, kwa hiyo huenda umesahau mila za upande wa baba. Mama mkwe hali mbele ya mkwewe. Wakikutana njiani, humpisha. Tangu nioe sikuwahi kusikia kwa Mama Pudentienne neno zaidi ya salamu kutoka nyuma ya mlango, na mimi nilikuwa nawaambia rafiki zangu kwamba nimebahatika, nimepata mama mkwe mkimya. Kumbe mkimya ni kwangu tu! Kimisagara nzima inamjua kwa ulimi wake. Wakigombana wanamwita, na parokiani hata padri humwachia amalize. Akina mama walikuwa wamemchagua awasemee siku ile, na alikwisha pita nyumba kwa nyumba akikusanya maneno yao. Alipofika akanikuta mimi nimekaa mbele, uso kwa uso. Kusimama mbele ya mkwewe na kubishana na wakubwa hakuweza. Alijifunika kitenge kichwani, akakaa nyuma ya watu wote. Wenzake waligeuka kumngoja, na hakuna aliyethubutu kumpokonya neno alilopewa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga. Ulikuwa ni mshindo wa karibu kabisa, nami sikuusikia.

Nilirudi ofisini kwao kuiondoa taarifa yangu. Walinipa chai, wakanisikiliza kwa adabu, wakasema jambo likishasomwa redioni limekwisha. Nikaliandika kosa langu kwa mkono wangu, nakala nyingine nikaipeleka chuoni. Mkuu wa idara aliniambia kwamba huenda nina haki, lakini mtu anayeutangua utafiti wake mwenyewe asitazamie kupandishwa cheo, na kitabu kikarudishwa. Sitakuficha, iliniuma. Nimekifanyia kazi kitabu kile kwa miaka, na wenzangu niliowafundisha kuandika sasa wananipita mlangoni kwa huruma, jambo ambalo ni baya kuliko dharau.

Mwezi wa Juni upande wa chini ulibomolewa. Nyumba ya Mama Pudentienne ilianguka pamoja na za jirani zake, na viwanja walivyoahidiwa havijaonekana hadi leo. Alikuja kwetu na vyungu vyake. Nilimkaribisha kwa moyo mmoja, nikampa chumba cha watoto, nikajiona nimelipa kidogo.

Na hapa, dada, ndipo penye jibu lako. Mama yule alikuwa hali. Nikiwa ndani ya nyumba hagusi chakula, hata akiwa chumbani na mlango umefungwa, kwa sababu anajua nipo. Siku za kazi alikula nikitoka. Lakini chuo kilipofunga nikawa nashinda nyumbani na vitabu vyangu, nikishangaa kwa nini mgeni wetu anakonda. Nilimshauri Aurore ampeleke hospitali. Aurore alinyamaza, maana kumwambia mume aondoke nyumbani kwake ni neno zito. Jumapili moja mama alianguka uani akifua, na watoto ndio waliosema kwamba bibi hajala tangu Ijumaa jioni. Jumatatu nilichukua godoro nikaja Rwezamenyo. Ukitaka jina la mwanamke aliyenitoa nyumbani, anaitwa Pudentienne.

Mchana akienda Kimisagara kwa wenzake, mimi huenda kuwaona watoto, nikaondoka kabla ya saa ya amri. Aurore huja Jumamosi na nguo safi. Mwenye nyumba wangu, mzee Sibomana, ana mkahawa wa chai hapo mbele, na mwanzoni alinitilia mashaka sana. Aliniambia, "Mwalimu, bibi yako iko mzuri hivi, na wewe unarara hapa peke yako. Mimi nifikirie nini?" Nilimwambia afikirie anachotaka.

Mwishoni mwa Agosti uliitishwa mkutano wa upande wa juu. Safari hii nilikuwa na akili. Nilimwomba Armel, kijana mwenzangu wa idara, aende badala yangu, nami nikabaki mbali kabisa. Siku ya pili jioni nilikuwa mkahawani kwa Sibomana, redio ikasema itarusha sehemu ya mkutano wa Kimisagara. Ikatoka sauti ya mwanamke, nzito, isiyo na haraka. Sikuitambua. Ningeitambuaje? Ndipo akasema:

"Mara ile mimi ndiye niliyepewa maneno ya wenzangu. Nilifika nikamkuta mkwe wangu mbele. Nilinyamaza kwa kumheshimu, naye akaandika kwamba nimekubali. Nyumba yangu imekwenda. Leo wenzangu wa upande wa juu wamenipa maneno yao, na mkwe wangu hayupo, basi andikeni: hapa hakuna atakayehama kabla ya kuonyeshwa pa kwenda."

Mkahawa mzima uliangua kicheko. Mmoja aliuliza mkwe gani huyo mjinga. Sibomana akasema, "Huyo mkwe iko msomi, sikia tu." Mila ingenitaka niinuke nitoke, maana si vizuri kuisikiliza sauti ya mama mkwe hivyo, na aibu nayo ilikuwa inanisukuma mlangoni. Nilibaki. Niliweka kikombe chini nikasema, "Mkwe huyo ni mimi." Hakuna aliyecheka tena, na machozi yalinitoka mbele ya watu ninaowasalimu kila asubuhi. Hilo ndilo nililotaka ulijue kutoka kwangu.

Upande wa juu haujaguswa mpaka leo, na ofisi imeanza kupima viwanja huko Busanza. Ikitoa, nitamjengea mama vyumba viwili kwanza, ndipo nirudi nyumbani. Juzi alimtuma Aurore aniulize kama nilisikia redio. Nikamwambia amjibu kwamba nilisikia, na kwamba safari hii nimeandika alivyosema, neno kwa neno.

Aurore na watoto wanakusalimu. Nisalimie shemeji, majirani wa Mwanga hapo Kigoma, na wote wanaoniulizia. Mungu akulinde, na goti lako alikumbuke.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Jean-Berchmans Mutsinzi