Mama Buya Anunua Mchele

Malindi, Jumanne

Shangazi yangu mpenzi, shikamoo. Nimefika salama, ila jua la huku linachoma hata kivulini.

Jana dukani mbele yangu alisimama mama mmoja Mpokomo, Mama Buya, aliyetoka Mto Tana. Alimwomba muuzaji amruhusu kunusa mchele. Watu wakacheka. Nikamwuliza kulikoni.

"Mwanangu, tangu nizaliwe sijapata kununua mchele," akasema. "Tulikuwa tukilima wenyewe. Mto ukifurika, mpunga unastawi. Maji yakishuka, tunaokota samaki vidimbwini. Sasa wamejenga bwawa huko juu, na maji hayafiki tena mashambani. Mwaka huu tumekula hata mbegu."

Kicheko kikakatika. Muuzaji akamfungulia gunia.

Nikamkaribisha kwangu, tukapika wali kwa samaki wa Ngomeni. Alikula, akashukuru, kisha akasema wali wa kwao ulikuwa ukinukia hadi kwa jirani. Hapo akainamia sahani, nisiyaone machozi yake. Shemeji yake amempa kishamba kando ya Sabaki, ambako mto bado unafurika. Anachokosa ni mbegu tu.

Shangazi, nakuomba pishi moja ya mpunga wako wa Vanga, umpe yeyote anayekuja huku. Niwie radhi, nimekwisha kumwahidi. Aliuliza jina lako, akalirudia polepole asije akalikosea katika dua.

Mungu akupe nafuu ya magoti. Nakupenda sana.

Mwanao,
Zuhura