Matone Mawili na Utepe wa Monasteri

Mama Stamatia,

Maharage yako jikoni, yapashe moto. Kikaratasi hiki mwanao Lefteris akisome mwenyewe, usimsimulie wewe.

Asubuhi umeona matone mawili ya damu kwenye shuka langu, ukanivua kiunoni ule utepe wa monasteri wa kuombea mtoto, ukampelekea jirani Evanthia, eti "mwenye tumbo la kuzaa." Ukaniita tasa pale mlangoni, watu wanasikia. Hata kuniuliza siku zangu ni lini hukuniuliza!

Ulipotoka nikapima mimba. Kipimo kiko chini ya sahani yako: mistari miwili. Naenda kwa daktari, matone hayo yananitia hofu.

~~Sirudi tena.~~ Nitarudi jioni. Utepe usiudai, mwachie Evanthia.

Mkamwana wako,
yule tasa