Pale Tulipokuwa Tukijaza Maji

Burns, Oregon
9 Julai

Mpendwa mdogo wangu Duane,

Habari za Galveston na hilo joto lenu la kunata? Kifua kinaendeleaje? Usinijibu "salama tu" kama kawaida yako. Nijibu kama mtu anayezungumza na dada yake. Unalala usingizi mzima, au bado unaketi kitandani ukingoja pumzi irudi? Na mashine ya oksijeni umeizoea? Binti yako Kristi ameniambia umeipa jina la marehemu mama mkwe wako kwa sababu haiishi kunung'unika. Nilicheka peke yangu jikoni, kisha nikamwombea marehemu msamaha.

Sisi hapa hatujambo. Magoti yangu yanalia kama bawaba kavu, na Wendell amekataa katakata kuvaa kile kifaa cha sikio, kwa hiyo mimi na mume wangu tunaishi kwa kupigiana kelele. Mvua ya mwisho ilinyesha Mei. Siku ile harufu ya vichaka ilijaa mpaka ndani ya nyumba, nikatamani ungekuwepo uinuse. Sasa kumekauka kila mahali, na ikifika saa nane mchana hata mbwa hataki kutoka nje.

Barua yako niliipata. Niliisoma nimesimama barabarani kwenye sanduku la posta, nikaikunja, nikaitumbukiza kwenye droo ya visu nisiione tena. Jioni nikaitoa. Unasema daktari amekukataza kulala mahali popote palipozidi futi elfu tano juu ya usawa wa bahari, basi mambo ya kupiga kambi na sisi yamekwisha, twende wenyewe tukupigie picha. Picha! Mtu anapigaje picha ya baridi, Duane?

Nilikasirika, lakini nilijua pia kwamba hukusema uongo. Nchi yetu hii unaijua. Ni jangwa, ila ni jangwa lililoinuliwa juu, na anayetaka ubaridi wakati wa kiangazi hupanda juu zaidi. Watu wote hupanda. Asiyeweza kupanda hubaki bondeni akaiva ndani ya trela lake kama kiazi.

Unamkumbuka Baba kiwanda cha mbao kilipokuwa kikifungwa mwezi wa Julai? Alikuwa akirudi siku ya mwisho na vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, haogi, hali, anaenda moja kwa moja kufunga trela nyuma ya pikapu. Mwaka mzima alikuwa amepikwa na joto la mashine zile, maskini, na mawazo yake yote yalikuwa juu ya mlima, pale penye theluji isiyoyeyuka. Sisi wawili nyuma tukiimba "Juu! Juu!" mpaka wewe unatapika kwenye zile kona, kama kila mwaka.

Nakumbuka tukiteleza juu ya ile theluji kwenye beseni la Mama la kufulia. Nakumbuka aiskrimu ya pichi uliyoizungusha kwa mkono kwenye ndoo ya barafu huku meno yakikugongana, na Baba akitundika kipimajoto mlangoni na kuwasomea wapita njia kana kwamba baridi ile ameitengeneza yeye. Hakuna siku nilizozipenda kuliko zile. Nikifumba macho bado nasikia kishindo cha mlango wa trela lile na Mama akisema tufute miguu.

Sasa sikiliza nilichofanya. Mwezi jana nilimwambia Wendell tufunge safari, tukatafute mahali penye baridi na utulivu ambapo si juu. Akaniangalia sana. "Glenna, mke wangu, hapo unatafuta samaki asiye na miba." Nikamwambia atie mafuta gari.

Kwanza tulikwenda ziwani. Maji mazuri, kivuli kipo, upepo upo. Lakini jirani yetu alikuwa bwana mmoja mnene mwenye nyumba ya magurudumu kubwa kuliko kanisa letu, na jenereta lake lilinguruma tangu alfajiri. Nikamwendea kwa adabu.

"Najua ulichokuja kuniambia, mama," alisema kabla sijafungua kinywa, "lakini mashine siizimi. Nikizima, kipoza hewa kinakufa, na mimi nakufa nacho."

"Sasa huku porini umefuata nini, baba?"

"Utulivu," akasema, wala hakucheka. "Mjini kuna kelele mno."

Wendell alikuwa amesimama nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza alijivunia masikio yake. Tuliondoka kesho yake asubuhi.

Halafu tulijaribu uwanda wa mitarakwa kule mashariki. Huko utulivu upo, unaweza kumsikia mjusi akitembea. Lakini kile kivuli cha mtarakwa ni chembamba, mtu mzima unakifukuza na kiti chako mchana kutwa. Ndani ya trela siagi iligeuka mafuta. "Tukikaa hapa saa moja zaidi," alisema Wendell, "wewe utakuwa mkate na mimi biskuti. Turudi nyumbani, bibie. Duane ataelewa." Nilikaa kwenye gari nikalia. Nakwambia wazi ili ujue kwamba hili si jambo dogo kwangu. Nina ndugu mmoja tu, na sikutaka safari yetu ya mwisho iwe ile iliyokwisha kupita bila sisi kujua kuwa ni ya mwisho.

Tulipokuwa tukirudi, tangi la maji likawa tupu. Nikamwambia Wendell akate kona pale kwenye ile njia ya changarawe chini ya mlima, kwenye chemchemi ya Baba. Unapakumbuka? Pale penye korongo la mawe meusi na mierebi, tulipokuwa tukisimama kujaza madumu kabla ya kupanda. Sisi tulipachukia. Nzi, matope, mbingu huioni, na mlima unatungoja huko juu. Mama alikuwa akishuka, analowesha kile kitambaa chake chekundu, anakifunga shingoni, kisha anazunguka polepole kati ya mierebi, anasimama hapa, anasimama pale. Ndivyo alivyokuwa akitafuta pa kuweka viti kila tulipofika kambini. Palipompoza shingo kwanza, kiti kinakaa hapo.

"Orval, tulale hapa hata siku mbili," alikuwa akimwambia Baba.

"Hapa si pa kulala, Nadine. Hapa ni pa kujaza maji."

"Basi siku moja."

Na sisi watoto tuko garini, tunapiga honi.

Basi tulifika pale joto likiwa limekolea. Wendell akaanza kuhangaika na mpira wa maji. Mimi sijui nilipatwa na nini, nikavua skafu yangu, nikailowesha, nikaifunga shingoni nikaingia kwenye mierebi. Duane, nilishtuka. Hewa ilikuwa ikitoka kwenye nyufa za yale mawe, baridi, kama mtu amefungua friji mbele yako. Jua lilikuwa bado liko juu, lakini ukuta wa korongo ulikwisha kulizuia, na kivuli kilichotanda pale kilikuwa kipana, cha kutosha watu kumi na meza yao. Huko kwenu pwani, kwa ule unyevu, skafu ingebaki mbichi tu ikakuongezea jasho. Hapa ilinifanya nitetemeke.

Nikamwita Wendell mara tatu, mara ya nne akasikia. Akaja, akasimama, akavua kofia. "Mbona hapa hatujawahi kulala?" akauliza. Nikamwambia ashushe viti.

Tulikaa siku kadhaa, mpaka mkate ukaisha. Jioni jua likishazama ubaridi unateremka wenyewe kutoka mlimani kupitia korongo, tukawa tunavaa masweta tukila chakula. Hakupita gari hata moja. Sauti ilikuwa ya maji tu, na ndege, na Wendell akikoroma mchana kwenye kiti chake bila nzi hata mmoja kumsumbua. Inaonekana habari za wale nzi tulizitia chumvi sisi. Simu ya Wendell inapima mwinuko: pale hapafiki futi elfu tano. Alipima mara mbili, akaenda akapima tena kwenye mlango wa trela.

Sasa lipo neno ambalo limenikaa rohoni. Kristi aliniuliza majira ya baridi kama kuna mtu mwingine katika ukoo aliyekuwa na ugonjwa wako, maana daktari anasema huenda umetoka upande wa mama. Nilimjibu hapana, simjui. Lakini nikiwa nimekaa pale kwenye mierebi nilimwona Mama tena akilini, kule juu mlimani, kwenye ngazi ya trela. Kila mwaka siku za kwanza alikuwa akikaa pale pale tu, midomo imepauka, mkono kifuani, sisi tunamwita aje atuone tukiteleza. "Nachoka na safari, wanangu," ndivyo alivyosema siku zote. "Endeleeni, nawaona kutoka hapa." Hakuja kwenye theluji hata mara moja. Mimi nilidhani haipendi.

Hakuwa akimwomba Baba mandhari wala kivuli, Duane. Alikuwa akiomba pumzi. Na Baba hakuwa mtu mbaya, wewe unajua. Alimpenda yule mwanamke kupita kiasi, na angejua angegeuza gari hapo hapo na mlima asingeutazama tena. Ila Mama hakutaka kutunyima theluji yetu, basi akanyamaza, akapanda nasi kila kiangazi. Nimehuzunika sana juu ya hilo, na nimempenda upya.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja, na nakuomba ulifikirie kabla ya kuandika "hapana" nyingine. Njoo Agosti. Daktari ameruhusu ndege ukiwa na mashine yako, Kristi amenithibitishia. Alichokataza ni kulala juu, na hatutalala juu. Mtashukia Boise, Wendell atakuja kuwachukua. Ameshaweka vioo vya umeme wa jua kwenye paa la trela, kwa hiyo mama mkwe wako atanung'unika atakavyo na hatuhitaji jenereta la mtu. Nitapika pichi kwenye sufuria ya chuma juu ya makaa. Ukitaka kuuona mlima, unaonekana kutoka njia panda. Tutausalimia kwa mkono tu.

Mpe wifi yangu Marlys salamu nyingi, mwambie alete sweta hata kama atadhani nimerukwa na akili. Msalimie Kristi kwa niaba yangu, na mumewe, na umbusu mjukuu wako Tanner ambaye naambiwa meno ya mbele yameng'oka. Wendell anakusalimu, anasema atakushinda karata kama zamani, na mimi nasema zamani hakukushinda.

Mungu akupe pumzi ya kutosha, mdogo wangu, ya kulala nayo na ya kuamka nayo, mpaka tuonane.

Mama aliomba siku moja tu pale, na hakupewa. Njoo tukae kwa niaba yake siku zote alizozikosa. Safari hii hakuna atakayepiga honi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu siku ulipoletwa nyumbani,

Glenna