Tanuri la Dada Ursula

Kigera, Musoma
20 Aprili 1986

Dada Ursula,

Shikamoo. Natumaini hamjambo na ziwa linawapa mboga. Mimi mzima, ila moyo uko huko Guta. Rafiki yangu Masatu amekubali kukuletea barua hii pamoja na Esta mwenyewe, mkono kwa mkono.

Daktari amempima mwanangu. Ni pumu, kama tulivyoogopa. Dawa zimeadimika, kwa hiyo amesisitiza tumkinge kabla haijamkamata. Blanketi lake lianikwe juani. Nyumba inyunyizwe maji kabla ya kufagia, na Esta awe nje wakati huo. Kuku wasilale chumbani kwake. Baridi isimpige.

Kuna neno jingine daktari alisema, nitakueleza nikija. Tangu mama yake Esta afariki wewe ndiye mama, sina wasiwasi.

Mdogo wako,
Kasmiri

Guta, Bunda
4 Mei 1986

Kasmiri mdogo wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo, labda wewe na chumba chako cha panya. Esta kafika, kanywa uji bakuli mbili.

Yote uliyoandika nafanya. Kuku nimewatoa siku ileile, wanalala kwenye tenga nje, na jogoo wangu kashaliwa na kicheche. Sijalalamika. Blanketi naanika mpaka watu wanauliza kama mtoto anakojoaga kitandani. Jirani yetu Getruda ananichotea maji ya kunyunyizia akienda ziwani.

Hata hivyo alfajiri bado anakohoa, na kifua kinalia kama paka. Ajabu, siku mbili nilizokwenda kuuza samaki Bunda hakukohoa kabisa. Labda ananidekea shangazi yake.

Tanuri langu la samaki linafanya kazi. Tangu serikali ifungue biashara, wachuuzi wanagombea sangara wa kubanika, na viatu vya Esta vimetoka humo.

Hilo neno jingine ni lipi? Andika tu. Tumenyonya titi moja.

Dada yako,
Ursula

Kigera, Musoma
18 Mei 1986

Dada,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mko wazima. Pole kwa jogoo.

Lile neno ni dogo, lisikusumbue. Kikohozi hicho ni baridi ya ziwa. Mtafutie mahali penye joto alale, utaona.

Mdogo wako,
Kasmiri

Guta, Bunda
1 Juni 1986

Kasmiri,

Marahaba. Mimi sijambo, mtoto ndiye hajambo kidogo tu.

Nimefuata ulivyosema. Hapa hakuna penye joto kama kibanda cha tanuri. Hata sangara wakishatolewa, ukuta unabaki moto mpaka asubuhi. Nimemhamishia kitanda humo. Matundu yote nimeyaziba kwa udongo, upepo usipite.

Siku hizi analala amekaa, mgongo ukutani. Anasema akijinyoosha kifua kinabana. Nimeogopa. Nikamwambia kwamba baba yake anajua, ameongea na daktari.

Dada yako,
Ursula

Kigera, Musoma
10 Juni 1986

Dada,

Sina salamu. Mtoe Esta kibandani leo hii.

Neno lile ni moshi. Daktari alilitaja la kwanza kabla ya yote, na akalirudia. Alisema mtoto asikae karibu na tanuri hata likiwa limepoa. Nilishindwa kukuandikia. Tanuri ndilo linalokulisha na kumlisha mwanangu. Ningeanzaje kukuambia kazi yako inamuumiza? Nikaona nitalisema ana kwa ana, taratibu.

Nimenyimwa ruhusa kazini mpaka Jumamosi ya wiki ijayo. Nitakuja siku hiyo. Nakuomba, mtoe.

Mdogo wako,
Kasmiri

Guta, Bunda
7 Julai 1986

Kasmiri,

Shule imefunguliwa leo. Mwalimu Burito kaniletea barua yako ya tarehe kumi. Ilikaa kwenye sanduku la posta la shule likizo nzima.

Nimeisoma mara mbili. Kisha nimehesabu siku. Uliiandika wiki moja kabla hatujamzika Esta.

Ulikuja msibani ukakaa siku nne. Mkeka wako ulitandikwa hatua chache kutoka tanurini. Watu walipomnyooshea kidole Getruda, kwamba ni mchawi na maji yake ndiyo yaliyommaliza mtoto, ulikuwepo. Ulitazama chini. Mimi nikadhani ni uchungu wa baba. Getruda amehamia kwa kaka yake Butiama, na mimi ni mmoja wa waliomfungia mlango. Kesho naenda kumwomba msamaha, na barua yako nitakwenda nayo. Huko wataisoma kwa sauti, kila mtu asikie.

Mimi ndiye niliyeyaziba yale matundu. Hilo nitakufa nalo, sikutwishi wewe. Lakini unasema uliogopa kuniudhi kwa sababu ya tanuri. Jogoo nilimtoa nje siku ileile niliposoma, hata sikukuuliza kwa nini.

Tanuri nimelivunja leo mchana kwa jembe. Halikuchukua hata nusu saa.

Ursula