Mama Ameikalia Kazi Yake Baharini

Karakana ya Makochi, ghorofa ya juu,
Mtaa wa Nyuma ya Soko.

Jumapili, 16 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Nakusalimu kwa mikono miwili, ingawa mmoja una plasta kwenye kidole gumba, sindano ya kupinda imenichoma tena. Hujambo huko uliko? Lile jino umeling'oa, au bado unalibembeleza? Na yule mpishi wenu anayetia chumvi kama mtu aliyegombana na chakula, bado mnaye? Kula hivyo hivyo, mdogo wangu, usije ukakonda ukatuaibisha.

Sisi huku hatujambo. Mpwa wako amerefuka mpaka suruali zake nazikunjua pindo kila nikigeuka. Shemeji yako ni mzima, ila pua imebabuka kwa jua, na sababu utaiona mbele. Mama naye mzima. Magoti yanalalamika akipanda ngazi, lakini mdomo haujambo kabisa.

Najua umeruka mistari kutafuta jibu. Uliniomba nimuulize Mama: ukipata likizo, ufikie nyumbani kwake, au utafute chumba cha kupanga mjini? Nitakujibu. Ila nivumilie nifike kwa njia yangu, maana jibu lenyewe limepitia baharini.

Unamjua Mama. Tangu ulipoiacha karakana ukaenda kuwa baharia, ukitajwa tu anakanyaga cherehani. Hagombi, hanuni. Anakanyaga, hata kama hakuna kitambaa chini ya sindano, mpaka anayezungumza achoke mwenyewe. Neno alilosema ni moja tu, jioni ile ulipoondoka, nawe hukulisikia. Alisema mtu akihamia mji mwingine unaujua mlango wa kwenda kubisha hodi, lakini huyu amekwenda kukaa pasipo na mlango. Basi. Ndiyo maana kila barua nikiandika wanaokusalimu, yeye hayumo, na najua kila mara unamtafuta.

Sasa sikia. Tuna boti.

Usicheke. Jirani yetu Kinyozi aliachiwa na mteja wake aliyehama, boti kuukuu ya fiba yenye injini ya kufunga nyuma, imekaa uani kwake, kuku wanatagia ndani. Akamwita shemeji yako aiangalie injini. Unamjua shemeji yako, fundi friji, akisikia kitu hakiwaki halali. Aliichokonoa jioni baada ya jioni mpaka ikanguruma, wakakumbatiana pale uani kama watu waliofunga goli. Mimi nikaambiwa kazi yangu ni viti.

Nami nikavishona, mdogo wangu, kwa sifa zote. Sponji nene, mahameli ya rangi ya damu ya mzee, vifungo katikati, pindo la kamba pembeni. Tulipoishusha boti majini watu wa gatini walikuja kuangalia viti, si boti. Mlinzi wa gati alituvisha jaketi okozi, akatuonyesha pa kushika na pasipo pa kushika, akatuambia siku ya kwanza tusivuke ule ukuta wa mawe unaokinga gati na mawimbi. Tukaondoka tumekaa wima kama maharusi.

Hatujafika mbali boti ikaanza kuwa nzito. Mawimbi madogo yalikuwa yanarusha maji mbele, pale mnapopaita omo nyinyi mabaharia, lakini sakafu ilikuwa karibu kavu, na boti inazidi kuzama. Shemeji yako akasema imetoboka. Na kwa mazoea yake ya mafriji, ambako gesi ikivuja wao hupaka povu waone pa kutokea, akaomba sabuni. Mimi nataka kulia, yeye anaomba sabuni. Na Kinyozi, usiniulize kwa nini, alikuwa nayo mfukoni. Basi wakawa wamepiga magoti wanapaka povu la kunyolea ndevu kwenye ubavu wa boti, baharini, wanatafuta tundu. Ndipo nilipoinuka kuwapisha, nikasikia kiti changu kinatiririka. Tundu halikuwepo. Maji yote yalikuwa yamenywewa na mahameli yangu.

Tuliyarudisha maji baharini, mto mmoja mmoja wa kiti, tukiukamua kwa kuukalia pale ukingoni mwa boti. Lakini nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Nilipokuwa nimekalia mto ule, maji yakinichuruzika miguuni, niliinua macho nikauona mji wetu. Sijawahi kuuona mzima. Miaka yote naishi ndani yake, kumbe unaenea kwenye kiganja. Soko, mnara wa maji, paa la karakana yetu lenye kibati chekundu, vyote vimekaa pamoja kimya, na nyuma yangu maji yasiyo na mwisho. Nilisahau kuogopa. Nilishindwa hata kuwaita wenzangu waangalie.

Mama aliposikia habari ya viti alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akakasirika. Sponji ya sebuleni, mahameli, baharini? Nimemfundisha nani mimi? Akaiburuza ile mito yote mpaka mezani pake, akaipasua, akaagiza sponji ngumu isiyonyonya maji na ngozi bandia ya rangi ya kijivu, akashona mwenyewe kwa uzi wa nailoni, mishono miwili miwili. Kazi tamu kuitazama. Na ilipokwisha, ilibaki ile sheria ya nyumba ambayo wewe na mimi tumekua nayo: hakuna kiti kinachotoka karakanani kabla Mama hajakikalia.

Alivikalia pale pale karakanani, kimoja kimoja, akijisogeza kushoto na kulia, akibonyeza kona kwa kiganja. Shemeji yako akadhani yamekwisha, akaanza kuvibeba. Mama akamzuia.

"Mkwe wangu, kochi hukaliwa sebuleni kwa sababu litakaa sebuleni. Hiki ni cha baharini."

"Mama, unataka kusema…"

"Nataka kusema kazi yangu haijatoka bado."

Mimi nikauweka mkasi chini nimtazame. Mama, ambaye amezaliwa kwenye mji huu na akienda sokoni hupita njia ya ndani ili asiione bahari. Lakini hukuwa umetajwa, wala mimi sikuthubutu kukutaja.

Tulikwenda jana Jumamosi, asubuhi, bahari imetulia. Wakati huo mimi na shemeji yako na Kinyozi tulikuwa tumekwisha kutoka mara kadhaa, tumeshavuka ukuta wa mawe, tunajua hata kufunga kamba isiyotuaibisha. Mama alivaa jaketi okozi juu ya gauni, kilemba kimekazwa, mkoba kapakata mapajani kama anakwenda benki. Alikaa kiti cha mbele. Kila tukienda kidogo anahamia kingine, anajisogeza, anabonyeza kona. Kinyozi alikuwa anamshika mkono akihama, naye anamwambia amwachie, yeye si yai.

Tulipouvuka ukuta wa mawe, bahari ilibadilika. Wewe unaijua hali hiyo na huenda umeshaizoea, lakini niache niieleze mimi. Yale maji ya kijani yaliisha, yakaanza meusi yenye buluu ndani yake, rangi ambayo sijaiona kwenye kitambaa chochote, na nimeshika vitambaa maisha yangu yote. Kisha yakaanza kutuinua. Si mawimbi ya kupiga, hakuna povu, hakuna kelele. Maji yote yanapanda kwa pamoja, nasi juu yake, halafu yanashuka, kama shuka unapolikung'uta taratibu juu ya kitanda. Niliona aibu kwa jinsi tulivyo wadogo, na wakati huo huo nilifurahi, sijui kwa nini. Mama aliacha kuhama viti. Aliushika ubavu wa boti kwa mikono miwili akawa anatazama tu.

Nchi kavu ilipobaki mstari mwembamba, shemeji yako alizima injini ipumzike. Kimya kile, Kitinda. Nilisikia maji yakigusa fiba, na pumzi ya Mama. Akaingiza kiganja baharini, akakitoa, akakitazama.

"Chini hapa kuna nini?"

"Maji, Mama," Kinyozi akajibu.

"Na chini ya hayo?"

"Mengine."

Akakifuta kiganja kwenye gauni. Ndipo meli ilipotokea, meli ya mizigo, imetoka bandarini inakwenda zake. Ilipita mbali nasi, lakini kwa ukubwa ule umbali haukusaidia kitu. Ukuta wa chuma wenye kutu unatembea, na hautoi sauti ila mvumo fulani ambao nausikia kifuani kuliko masikioni. Shingo iliniuma kuutazama. Nikawaza mdogo wangu anaishi ndani ya kitu hiki, na machozi yakanitoka, nakwambia wazi.

Mama hakuwa anaangalia chuma. Jicho lake la mshonaji lilikuwa limekwisha kuona kitambaa. Kule juu kabisa, kwenye kamba, kulikuwa na mashati yameanikwa, na mtu mdogo kama punje ya mchele anakung'uta shuka.

"Anakung'uta shuka," Mama akasema. Akasogeza miwani. "Kumbe wanafua."

Akainua mkono. Hakuupunga, aliuinua tu juu ukakaa pale. Yule mtu akatuona, akatupungia kwa shuka lenyewe, kwa nguvu, upande huu na huu. Mama aliendelea kuushikilia mkono hewani mpaka meli ikawa ndogo, na mawimbi yake yakatufikia yakatuyumbisha.

Halafu akauliza, bila kunitazama: "Godoro lake likoje?"

Sikuelewa mara moja anamsema nani. Nilipoelewa anakusema wewe, nilisogea karibu naye. Nikamwambia uliniandikia kwamba ni jembamba, na katikati lina bonde.

"Lina bonde," akarudia, kama mtu aliyeambiwa mwanawe ana homa.

Akasema tena, polepole, macho kule meli ilikopotelea: "Miaka yote nadhani kanikimbia mimi. Kumbe kakifuata kitu hiki."

Nikaona ndiyo saa yenyewe. Nikamuuliza waziwazi: Kitinda akija likizo, afikie wapi? Shemeji yako akainamia injini kujifanya ana kazi. Kinyozi akawa anasoma mawingu. Na Mama, nilimwona kwa macho yangu, mguu wake wa kulia ukaanza kukanyaga sakafu ya boti. Ukakanyaga, ukatulia, ukakanyaga tena. Hakukuwa na cherehani. Kulikuwa na maji tu pande zote, na swali langu.

Akasema, "Turudini. Jua limekuwa kali."

Njiani alikaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, mgongo kwetu. Tulipofika gatini akambonyezea shemeji yako kona ya kiti akamwambia sasa kazi imetoka. Mimi nilirudi nyumbani nimevunjika moyo, nikijua leo nitakuandikia utafute chumba, na nikitafuta maneno yasiyouma sana.

Asubuhi hii nimeshuka karakanani kuchukua mkasi, nikamkuta amekwisha kuwasha taa. Jumapili, Mama ambaye hagusi sindano Jumapili. Mezani kulikuwa na godoro. Jipya, nene, kitambaa cha mistari ya buluu alichokuwa amekificha juu ya kabati kwa wateja wakubwa, limeshonwa pindo kwa mkono pande zote nne. Nimelipima kwa jicho nikajua ni la kitanda chako cha zamani, kile cha chumba cha nyuma, ambacho kwa muda mrefu kimekuwa kinawekewa marobota ya pamba. Marobota yameshatolewa nje.

Nikamwambia, Mama, hili hujalikalia.

"Silikalii," akasema, akakata uzi kwa meno. "La mtu hili. Aje alilalie mwenyewe. Likiwa na bonde ataniambia."

Kisha akaniuliza kama barua yako nimeshaifunga, nikasema bado, akasema niandike vizuri, nisiandike kama ninayefukuzwa.

Basi nimeandika. Shemeji yako anakusalimu, anasema ukija utamfundisha kurudi gatini bila kugonga. Kinyozi anakusalimu, nywele zako atazikata yeye na mtu mwingine asiziguse njiani. Mpwa wako anakusalimu na anataka kujua kama ni kweli mnalala meli ikitembea. Mungu akushike juu ya maji hayo, mdogo wangu, ambayo sasa na mimi nimeyaona kidogo, na akurudishe salama.

Na Mama anakusalimu. Anasema ukifika, usibishe hodi.

Ni mimi, nikupendaye tangu ulipokuwa mgongoni kwangu,

Dada Mkubwa